Wei au njegere?

Ndugu, umesema wei, ule unga wa protini ya maziwa, inakujaza gesi na unataka kuhamia protini ya njegere au kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama. Kwanza geuza kopo usome nyuma. Kama ni konsentreti, yaani wei iliyochujwa kidogo tu, bado ina laktosi, sukari ya maziwa, ya kutosha kukuvuruga tumbo. Aizoleti imechujwa zaidi, protini karibu asilimia 90, na wengi wenye tatizo lako huivumilia.

Ya njegere haina laktosi kabisa na misuli inajenga vizuri tu, ila leusini yake, asidi amino inayochochea misuli kujengeka, ni kidogo kuliko ya wei, kwa hiyo ongeza kipimo: gramu 30 za protini badala ya 25. Ladha sasa! Kama unga wa dengu mbichi, na chenga zinabaki chini ya kikombe hata utikise vipi. Mimi huisaga na ndizi mbivu.

Kolajeni kwa kazi ya misuli achana nayo, haina triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Halafu kuna wei mpya inayotengenezwa na vijidudu kwenye matangi, bila ng'ombe. Hiyo haina laktosi, lakini mwenye aleji ya maziwa asiiguse, maana protini ni ileile.