Nywila mpya pekee haimtoi mdukuzi kwenye barua pepe ya ofisi

Barua pepe ya ofisi ikidukuliwa, kubadilisha nywila pekee hakutoshi. Wadukuzi wanaobadilisha namba za akaunti za benki kwenye ankara mara nyingi huacha kanuni iliyofichwa (rule, yaani agizo linalojiendesha lenyewe) ndani ya barua pepe yenyewe: kila ujumbe wenye neno “invoice” au “malipo” unatumwa kwao, kisha unafichwa kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, mara nyingi ile ya RSS Feeds kwenye Outlook. Kanuni hiyo haijali umebadilisha nywila mara ngapi.

Kwenye Gmail fungua mipangilio, kagua vichujio na sehemu ya Forwarding. Kwenye Outlook kagua Rules. Futa usichokitambua. Halafu toa (sign out) vifaa vyote vilivyoingia kwenye barua pepe hiyo, ondoa programu ulizowahi kuzipa ruhusa, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwa app, si kwa SMS (laini yako inaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine).

Ila kama aliyedukuliwa ni msambazaji wako, usafi wa kwako hausaidii kitu. Namba ya akaunti yake ya benki ikibadilika, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua. Na kama hela imeshatoka, piga benki saa hiyohiyo wajaribu kuizuia.