Kofia ya mtoto na zawadi nyingine ndogo za kroshia: pima kabla ya kununua uzi

Dada uliyeuliza umesema kwamba umejifunza kroshia kwa miezi minne, kwamba sasa unafuma kitambaa cha meza bila kupotea, na kwamba unataka kuanza kutengeneza zawadi ndogo za wazazi waliojifungua na za kicheni pati, halafu mkono ukizoea uanze kuziuza. Umeuliza uanze na kitu gani na ununue uzi gani. Nimefuma tangu nikiwa darasa la tano, nikianza na spoku ya baiskeli ambayo fundi wa mtaani alininolea ncha yake ikawa kulabu, na kwa miaka 9 sasa ninafuma zawadi za kuagizwa hapa Mbeya. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako ndilo ambalo ningetamani mtu angenijibu wakati ule.

Ningekuomba kwanza ugeuze mpangilio wa maswali yako. Wengi wetu tunaingia dukani, rangi inatuvutia, tunanunua madonge matatu, na tukishafika nyumbani ndipo tunajiuliza tufume nini na tumpe nani. Vitambaa vya makochi walivyofuma mama zetu kwa uzi mweupe wa pamba viliuvumilia utaratibu huo, kwa sababu kochi halikui, halitoki jasho na haliweki kitu mdomoni. Zawadi ya mtu ni tofauti. Kabla ya uzi yupo mtu atakayeivaa au kuitumia, na unapaswa kujua ana ukubwa gani, anaishi kwenye hali gani ya hewa, na kitu hicho kitafuliwa vipi na nani.

Nililijua hilo kupitia wifi yangu wa Tanga. Alipojifungua, nilimfumia mtoto sweta, kofia na soksi kwa uzi mnene wa akriliki, laini kabisa, kama ninavyowafumia watoto wa huku kwetu ambako mwezi wa sita na wa saba asubuhi unatoka nje umejifunga kitenge juu ya sweta. Mzigo ulifika Tanga mwezi wa kwanza, katikati ya joto. Wifi kwa heshima yake alimvisha mtoto siku moja ili anipigie picha, na kwenye picha ile niliona paji la uso lililojaa jasho, na jioni yake akaniambia kwa upole kwamba mtoto ametoka vipele vya joto shingoni. Sikufanya kosa lolote katika ufumaji. Kila mshono ulikuwa mahali pake. Kosa lilikuwa kwamba nilimfumia mtoto wa Mbeya nikampelekea mtoto wa Tanga. Kwa mtu wa Pwani, fuma kwa uzi wa pamba, tena mwembamba, na mshono wenye matundu yanayopitisha hewa. Akriliki na sufu ziache kwa Njombe, Mbeya, Makete na kwingine kwenye baridi.

Sasa kuhusu kitu cha kuanza nacho: anza na kofia ya mtoto. Inakufundisha karibu kila kitu utakachohitaji baadaye, inakwisha kwa siku moja au mbili, na haihitaji uzi mwingi. Lakini ipime. Kichwa cha mtoto anapozaliwa kina mzingo wa karibu sentimita 35; akifika miezi 3 ni karibu sentimita 40, miezi 6 karibu 43, na mwaka mmoja karibu 46. Angalia jinsi anavyokua haraka pale mwanzoni, halafu ukumbuke kwamba sisi mara nyingi tunapeleka zawadi mtoto akishakaribia arobaini, na wengine tunachelewa zaidi ya hapo. Ukifuma kofia ya mtoto wa siku moja na kuipeleka siku ya arobaini, itambana siku hiyohiyo au itavaliwa mara mbili tu. Mimi, isipokuwa mzazi mwenyewe ameniagiza ya kutokea hospitali, hufuma ya miezi 3 na kuendelea.

Hesabu yake ni hii. Chukua mzingo wa kichwa, toa sentimita 3 kwa sababu kofia inapaswa kuvutika kidogo ili ishike, kisha ugawanye kwa 3.14. Jibu ni upana wa duara la bapa unalopaswa kufikia kabla ya kuacha kuongeza mishono. Kwa kichwa cha sentimita 40 utapata karibu 11.8, basi fuma duara lenye upana wa sentimita 12 hivi, uendelee bila kuongeza mpaka kofia ifike urefu wa sentimita 14 au 15 kutoka utosini hadi ukingoni. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa mtu mzima; futikamba ikisoma 56, duara lako ni karibu sentimita 17.

Duara lenyewe ndipo wanafunzi wangu wengi wanapokwama, kwa hiyo nisimame hapa kidogo. Ukitumia mshono mfupi, yaani ule wa kuingiza sindano (ile yenye kulabu), kuvuta uzi, kisha kupitisha kwenye vitanzi viwili kwa mara moja, unaanza na mishono 6 ndani ya kitanzi cha katikati na kila mzunguko unaongeza 6: 6, 12, 18, 24, 30 na kuendelea. Ukitumia mshono mrefu, ule unaozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza, unaanza na 12 na kuongeza 12: 12, 24, 36, 48. Kila baada ya mizunguko miwili laza kazi yako mezani uitazame. Ikiwa ukingo unanyanyuka kama bakuli wakati bado hujafika upana uliokusudia, umeongeza mishono michache mno. Ikiwa unapiga mawimbi kama jani la sukuma wiki, umezidisha. Usijiambie kwamba mzunguko ujao utanyooka wenyewe. Fumua mpaka pale ulipoharibika, uhesabu upya, uendelee. Uzuri wa kroshia ni kwamba sindano inashika kitanzi kimoja tu kwa wakati mmoja, hivyo unaweza kufumua mizunguko mitatu bila kupoteza kazi nzima.

Ukubwa wa sindano umeandikwa kwa milimita kwenye mpini. Kwa uzi wa unene wa kati ninatumia 3.5 au 4. Kwa pamba nyembamba 2.5. Lakini mikono yetu haifanani. Mimi mkono wangu unakaza, na jirani yangu tuliyefundishwa na mama mmoja analegeza, kiasi kwamba kwa uzi uleule na sindano ileile, mishono 20 yake ni mipana kuliko yangu kwa karibu sentimita mbili. Ndiyo maana nimekupa vipimo vya duara badala ya kukuambia tu idadi ya mizunguko. Idadi hiyo inategemea mkono wako, kipimo hakibadiliki.

Juu ya usalama wa mtoto sina mjadala. Usishone vifungo wala shanga kwenye kitu cha mtoto mchanga, kwa sababu vikichomoka vinakwenda mdomoni. Usiweke kamba ya kufungia shingoni. Ukifuma soksi zake, geuza ndani nje ukishamaliza na upitishe kidole chako humo polepole: uzi wowote uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto ukazuia damu kupita, naye hawezi kusema kinachomuuma. Ukija kufuma vinyago vya kujaza pamba, macho yatarizi kwa uzi.

Jambo lililonigharimu zaidi ni rangi. Katika mwaka wangu wa pili wa kuuza, mama mmoja aliniagiza kofia na soksi nyeupe zenye ukingo mwekundu kwa ajili ya ubatizo. Nilizifuma vizuri, nikazikabidhi Jumatano. Ijumaa alirudi. Alikuwa amezifua ili ziwe safi kwa kanisa, na ule uzi mwekundu ulikuwa umechuja. Kofia aliianika kwa kuibana ukingoni, kwa hiyo maji mekundu yalitiririka kutoka ukingoni kuelekea utosini yakaacha michirizi ya waridi kumi na kitu, mmoja kando ya mwingine. Hakunigombeza, alinionyesha tu. Nilikesha usiku ule na uliofuata nikifuma nyingine nyeupe tupu, nikampelekea Jumapili alfajiri, wala sikuchukua malipo. Tangu hapo hakuna uzi wenye rangi kali unaoingia kwenye kazi yangu kabla ya kujaribiwa: nakata kipande cha urefu wa mkono, nakifunga ndani ya kitambaa cheupe kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia, nakikamua, nakiacha nusu saa. Kitambaa kikibaki cheupe, ninafuma. Kikibadilika, uzi huo unakwenda kwenye kazi ya rangi moja tu. Uzi wa pamba nao una tabia ya kurudi ukifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo fuma kipande kidogo cha mraba, kipime, kifue, kikauke, ukipime tena.

Kwa kicheni pati umesema unafikiria vitambaa vya kushikia sufuria. Ni wazo zuri, na vinapendeza vikifumwa sita pamoja na kufungwa kwa utepe, lakini vifume kwa pamba tupu. Akriliki ni aina ya plastiki. Ikigusa sufuria iliyotoka jikoni inayeyuka na inaweza kumshika bibi harusi mkononi. Tena vifume mara mbili, pande mbili zilizounganishwa ukingoni, kwa mshono mfupi uliobana, kwa sababu kwenye matundu ya mshono mrefu moto unapita moja kwa moja. Vitambaa vya kuwekea glasi, vibanio vya nywele vinavyofumwa juu ya mpira, vishikio vya funguo na pochi za simu ni kazi nyepesi za kumalizia mabaki ya uzi, na hutapata shida navyo. Pochi tu iwekee bitana la kitambaa, la sivyo sarafu zitatoka kwenye matundu.

Ukitafuta maelekezo kwenye intaneti, mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na hapo kuna mtego. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Alama dc (kifupi cha double crochet) kwenye maelekezo ya Kimarekani ni mshono mrefu, lakini kwenye ya Uingereza ni mshono mfupi. Ukiona alama sc (single crochet) popote kwenye ukurasa, ujue ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mshono wanaouita hivyo. Nimeona sweta ya mtoto ikitoka na urefu unaotosha mtoto wa miaka mitatu kwa sababu hiyo pekee.

Mwisho uliuliza kuhusu bei. Usipange bei kwa kulinganisha na kofia ya mtumba au ya dukani iliyofumwa kwa mashine. Kroshia haifumwi kwa mashine. Kroshia unayoiona dukani nayo ilipita mkononi mwa mtu mahali fulani, mara nyingi kwa malipo madogo sana. Tuseme uzi wa kofia moja umekugharimu shilingi 3,000 na umeifuma kwa saa 4. Ukiiuza 5,000, umejilipa shilingi 500 kwa saa, na hapo hujahesabu nauli ya kwenda kununua uzi. Andika saa zako kwenye daftari kwa kila kazi tangu leo, hata za zawadi unazotoa bure, ili siku ukiulizwa bei uwe na jibu lako. Ndugu na marafiki watakuomba bei ya undugu. Mimi huwaambia nitafuma bure kimoja kwa mzazi, na vinavyofuata ni vya kuagiza.

Kwa wiki hii nunua donge moja tu la pamba nyeupe au ya rangi hafifu, na sindano ya 3.5. Mzazi unayekwenda kumwona, mpigie simu umuulize mtoto ana umri gani na kichwa chake kina sentimita ngapi. Kama hana futikamba, apime kwa uzi kisha aupime uzi huo kwa rula ya shule ya watoto. Ukishafika mzunguko wa tatu, laza duara mezani, lipige picha kutoka juu, uliweke hapa tuliangalie.