Kabla hujaenda kufundisha Kiingereza Vietnam

Ndugu yangu unayeiulizia kazi hii, nitaanza na karatasi, kwa sababu wengi wanaoumia Vietnam huumia hapo, kabla hawajasimama mbele ya darasa hata moja.

Vyeti vyako havitakubaliwa kule hivihivi. Shahada, cheti cha kufundishia Kiingereza na cheti cha polisi cha tabia njema vyote vinahitaji mihuri: kwanza ya Wizara ya Mambo ya Nje nyumbani, kisha ya ubalozi wa Vietnam. Kwa sisi Wakenya ubalozi huo uko Dar es Salaam. Mimi nilitoka Mombasa nikaenda Nairobi, nikarudi, halafu nikapanda basi la Dar kupitia Lunga Lunga, bahasha ya vyeti nimeikumbatia njia nzima. Cheti cha polisi kiombe mwisho, maana kikizidi miezi sita hakipokelewi. Na kwa kuwa pasipoti yetu haihesabiwi kuwa ya wenye lugha, beba pia matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS.

Utakutana na mwajiri atakayekwambia, "Njoo na visa ya utalii, kibali cha kazi tutakishughulikia ukishafika." Usikubali. Kuvihangaikia vyeti ukiwa Hanoi, na mihuri inatoka Nairobi na Dar, ni mateso. Wanaoenda hivyo hufundisha kwa kujificha. Mshahara ukikatwa hawana pa kulalamika, na wakikamatwa wanapigwa faini na kurudishwa nyumbani. Namjua dada wa kwetu aliyefundisha miezi mitatu akalipwa mmoja. Alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumsaidia zaidi ya nauli.

Kibali kikitoka kinabeba jina la mwajiri wako, kwa muda usiozidi miaka 2, na ukitaka kuhama kituo cha lugha unachofundisha unaanza upya. Kwa hiyo usome mkataba kwa utulivu. Angalia wanakuhakikishia saa ngapi za darasani kwa mwezi, kwa sababu vituo vingi hulipa saa za darasani peke yake, si za kuandaa masomo wala kusahihisha. Uliza kama kiasi walichotaja ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Ambaye hajatimiza siku 183 nchini hukatwa asilimia 20 nzima, na mgeni asiyejua hilo hushtuka mwezi wa kwanza. Uliza pia kuhusu Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20 hivi. Vituo hufungwa, na anayelipwa kwa saa hapati kitu. Anza kuweka akiba tangu Novemba.

Saa za kazi ni zile ambazo wengine wanapumzika, kwani watoto huja baada ya shule: siku za kawaida kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa tatu usiku, Jumamosi na Jumapili tangu asubuhi. Utazoea.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Nilifanya kazi Hai Phong, mji wa bandari kaskazini, ambako mikrismasi, ile miti ya maua mekundu kama ya kwetu, huchanua mwezi wa tano shule zikikaribia kufunga. Kwenye kituo cha kwanza meneja aliniomba niwaambie wazazi kwamba nimezaliwa London. Nilihitaji kazi, nikakubali. Wiki ya pili msichana wa miaka tisa hivi alinichorea nyumba yenye theluji juu ya paa, akaniuliza kama kwa mama yangu ndiko hivyo. Nikamwambia ndiyo. Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu mtoto yule alikuwa ananiamini.

Somo lililofuata nilichora ramani ubaoni: Afrika, bahari, Mombasa na meli zake. Nikawaambia Kiingereza nilikikuta shuleni, baada ya Kiswahili. Meneja alikasirika. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe. Waliobaki walikuja mlangoni na maswali: ulianza na umri gani? Nyumbani mlikuwa mnaongea lugha gani? Ulifanyaje mpaka ukafika hapa? Wale wazazi walikuwa wanatafuta njia ambayo mtoto wao anaweza kuipita, na mimi nilikuwa nimeipita. Usiufiche ukweli huo. Ndio utakaokufanya uwe mwalimu mzuri, na nitakueleza kwa nini.

Kivietinamu kina konsonanti chache zinazoweza kumaliza neno, na hata hizo hubanwa mdomoni, hazitoki. Kwa hiyo rice inakuwa "rai", five "fai", like "lai". Mtoto anajua herufi ipo, ila sikio lake halimwambii kwamba kuna kilichokosekana. Sisi kosa letu ni la upande wa pili: bus tumeifanya basi, bank benki, shirt shati, kwa kuwa ulimi wetu unataka neno liishie kwenye irabu. Mimi nilihangaika kuiacha ile irabu ya mwisho, wao wanahangaika kuitoa ile pumzi ya mwisho. Baadhi ya wenzangu waliozaliwa na lugha hii walirudia neno kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto akalirudia vilevile. Hawakuwahi kulitafuta neno lile mdomoni kama tulivyolitafuta sisi.

Kata kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili, kishikilie mbele ya midomo, sema cup. Karatasi ikitikisika mwishoni, p imetoka. Nilikuwa na mvulana wa miaka saba aliyesema cup mara nne, karatasi imetulia tuli. Mara ya tano ikaruka ikamgusa pua, darasa zima likampigia makofi. Wakishaweza hivyo, wafundishe kuipeleka konsonanti kwenye neno linalofuata: like it iwe "lai-kit". Kwao hii ni rahisi kuliko kuimaliza konsonanti ikiwa peke yake. Dakika tano kila somo zinatosha.

Wazazi watakupima kwa mitihani ya watoto ya Cambridge: Starters, Movers na Flyers. Ijue yote mitatu kabla hujaondoka.

Utaulizwa umri wako siku ya kwanza, na wanafunzi, na mama muuza supu, na mwenye nyumba. Usiudhike. Lugha yao haina "wewe" moja ya kumwambia kila mtu. Lazima wajue wewe ni dada, mdogo mtu au shangazi, kama sisi tunavyotaka kujua nani wa kumwamkia shikamoo. Mwalimu wa kike huitwa cô, na neno hilohilo ndilo shangazi, dada wa baba. Wa kiume ni thầy. Nilipolijua hilo nilijisikia niko kwa watu.

Msaidizi wako wa darasa, ambaye mara nyingi ni msichana wa chuo, mheshimu sana. Yeye ndiye anayejua mtoto gani babake yuko hospitali na nani hajala. Kaeni dakika kumi kabla ya somo mpange pamoja, na usimtume kama mtumishi. Tarehe 20 Novemba, Siku ya Walimu, ukipewa maua mpe na yeye nusu.

La mwisho, hasa kwa wa pwani: beba sweta nzito. Januari Hai Phong ni baridi yenye unyevu inayoingia mifupani, na nyumba nyingi hazina kipasha joto.