Wanaohamahama Huchumbia Wapi?

SWALI: Assalaam aleykum, Mhariri. Huku kwetu Kibokoni si ajabu kijana kuozwa binti wa ami yake, na wazee wa pande zote mbili huwa wamejuana tangu utotoni. Sasa nauliza: wawindaji kama Wahadzabe, wanaohama mara kwa mara na ambao kambi yao huwa na watu kama 30 tu, kijana wao humpata wapi mchumba asiye ndugu yake?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu yetu. Wengi hudhani kuhamahama huwatenga watu, ilhali kwa wawindaji huko ndiko kunakowakutanisha. Kambi ya Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, si ukoo mmoja: familia hii huondoka kwenda kukaa na mama wa mke, ile huingia kwa kufuata maji au matunda ya msimu, hata kijana anapofikia umri wa kuoa huwa ameishi na watu wengi wasio wa damu yake. Mwanaanthropolojia Kim Hill na wenzake, katika uchunguzi wa jamii 32 za wawindaji uliochapishwa mwaka 2011, walionyesha kwamba wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja kwa kawaida hawafikii asilimia 10 ya watu ambao mtu huishi nao kambini.

Wajuhoansi, jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari, mpakani mwa Namibia na Botswana, wana sharti linalonivutia zaidi. Mwanamume haruhusiwi kumwoa mwanamke mwenye jina la mama yake wala la dada yake, na kwa kuwa majina yao ni machache na hurithiwa kutoka kwa mababu na mabibi, wasichana wengi wa karibu huwa wamekatazwa, hivyo hana budi kutafuta mbali. Kwa desturi yao ya zamani, akishaoa alihamia kwa wakwe na kuwawindia kwa miaka kadhaa, mara nyingi hadi walipopata watoto.

Huko kwenu ndoa ya binti ami husaidia nyumba na shamba visitoke katika ukoo. Mwindaji hana nyumba ya mawe ya kurithisha. Akiba yake ni kupokewa kwa watu pale mvua inapokosekana kwao, na mkwe aishiye mbali, penye kisima kingine, humfaa mwaka huo kuliko jamaa aliyekumbwa na ukame uleule.