Deni la Mshikaji Halilipwi kwa Kazi Nyingine

Siku wananchi walipomkamata mshikaji wangu pale Mbagala Rangi Tatu, mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimeshika hindi la kuchoma ambalo sijalilipia. Simu tuliyopora ilikuwa mfukoni mwangu. Walimpiga huku wakimuuliza mwenzako yuko wapi, na yeye, damu inamtoka puani, akasema yuko peke yake. Macho yake yalinipitia, hayakusimama. Alikaa mahabusu Keko miezi minane. Mimi usiku ule nililala nyumbani.

Ndiyo maana mtu akikwambia tu "achana na marafiki wabaya", hajakusaidia. Anayetaka kuacha wizi hasumbuliwi na njaa peke yake, anasumbuliwa na mtu aliyewahi kupigwa kwa ajili yake. Ukikataa kutoka naye unajiona msaliti, na yeye hatakosa kukukumbusha.

Alipotoka alinikuta nimeanza kushika spana kwa fundi mmoja wa magari, napewa nauli na hela ya kula. Akaja na mchongo: kumpora mtu bodaboda, usiku, kwa panga. "Mara moja tu, mwanangu. Mimi nilikubeba."

Neno hilo lilininyima usingizi siku tatu. Deni lilikuwa la kweli, sikatai. Lakini yeye alitaka nililipe kwa maisha yangu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hakipungui miaka 30, na dhamana hakuna. Wala usijidanganye kwamba utakuwa wa kuangalia njia tu. Kifungu cha 23 kinahusu nia ya pamoja: mkikubaliana kwenda, aliyeshika panga na aliyesimama kona mnaweza kubeba kosa lilelile. Na mwenye bodaboda yule ana watoto. Hilo tulikuwa hatulisemi kabisa maskani, pale kijiweni petu.

Nilimwambia asubuhi, kwa mama ntilie, tukiwa wawili. Wewe pia fanya hivyo. Ukisema mbele ya kundi, hata akitaka kukuelewa hawezi, wenzake wanamtazama. Nilimpa kwanza fungu lake la ile simu, shilingi 40,000, asije akasema nimemdhulumu. Leo natamani ningemjua mwenye simu nikampa yeye.

Sikumhubiria. Nilimwambia: "Kaka, uliniokoa na sitasahau. Ukikamatwa nitakuja. Mama yako hatalala njaa nikiwa na kitu. Ila kazi sifanyi tena, na mzigo wa wizi usiniletee nikuwekee. Na mipango yenu usiniambie. Nikijua mnamwendea mtu na panga, sitanyamaza."

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninalokusihi usiliache. Kukaa kimya juu ya yaliyopita ni jambo moja, kukaa kimya wakati mtu anakwenda kukatwa ni kushiriki. Mwambie mapema, akujue umesimama wapi. Aliisogeza mbele yangu ile chapati aliyokuwa hajaigusa, akanyanyuka. Chai yake ilibaki inatoa moshi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Waliniita mchomaji, yaani anayewataja wenzake polisi, ingawa sikuwa nimemtaja mtu. Nilihama chumba, nikabadilisha laini, na maskani sikupita hata kwa salamu. Usifikiri unaweza kukaa pale unywe kahawa tu. Januari 2015, ule msako wa Panya Road, makundi ya vijana waporaji wa Dar es Salaam, uliwazoa vijana wengi vijiweni, na anayekutwa na kundi ana kazi kubwa ya kueleza kwamba yeye aliacha.

Ahadi nilizotoa nimezishika. Mshikaji alikwenda kwenye ile kazi na watu wengine, sasa yuko ndani kwa ile miaka 30. Kila mwisho wa mwezi napeleka unga na mafuta kwa mama yake. Mara ya kwanza alinitazama muda mrefu mlangoni, halafu akasema, "Ingia, baba." Nikipata nafasi naenda gereza la Ukonga kumwona, na sabuni na dawa ya meno. Safari iliyopita hakuzungumzia kesi wala mtaa. Aliuliza kama siku hizi naweza kushusha injini peke yangu. Nikamwambia naweza. Akataka nimweleze inavyofanyika, tangu boliti ya kwanza, nikamweleza mpaka muda ukaisha.