Mmoja analalamika, mwingine hashikiki

SWALI: Habari Anti. Mimi ni kiongozi wa vijana kanisani kwetu Nakuru, Agosti tunapanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na mabegi tunabeba wenyewe. Kuna kijana mmoja mchezaji raga, mazoezi haji, akija anatuacha mbali kabisa anaenda kukaa na simu yake huko mbele, ukimuuliza anasema nyinyi mko slo. Halafu kuna dada analalamikia kila kitu, hema, chakula, uzito wa begi, mpaka watu wanaleft grupu ya WhatsApp. Niwatoe wote wawili?

JIBU: Pole mpendwa. Huyo dada usimtoe, mwache apande nanyi. Mtafute pembeni, si kwa grupu, umuulize vizuri, maana wengi wanaopigia hema kelele ukichunguza unakuta hana sliping begi ya maana, anaogopa baridi na anaona haya kusema hana pesa ya kununua. Mpe kazi ya kupanga chakula, tuone kama atajilalamikia mwenyewe.

Huyo wa raga ndiye ananitisha. Geti ya Sirimon iko kama mita 2,650, kambi ya Shipton ni 4,200 hivi, kilele cha Lenana 4,985, na huko hewa nyepesi haijali misuli ya mtu, anayepanda mbio ndiye anaumwa haraka, halafu wa aina hiyo ndio huficha kichwa kikiwauma wasionekane wanyonge. Mtu akianza kutapika na kuyumba kama mlevi dawa ni kushuka, saa hiyo hiyo, sasa wewe unamwambia ashuke saa tisa usiku na yeye hata Nakuru hakusikii?

Kwanza wapeleke Mlima Longonot kwa mazoezi na mabegi yamejaa, mzunguke kreta yote, na yeye mpe kazi ya kuwa wa mwisho, asimpite mtu yeyote hata akichoka kungoja. Akikaa nyuma mpaka mwisho, mchukue, nguvu zake mtazihitaji sana. Akikimbia mbele, basi haendi, na umwambie wiki hiyo hiyo uso kwa uso ukiwa na kiongozi mwenzako, usimtangaze Jumapili mbele ya watu. Najua utaniambia mamake ni mzee wa kanisa. Basi anza na mamake, na pesa yao warudishie yote hata kama matatu mshalipia.