Shangingi la dizeli au la petroli? Majibu kwa wasomaji wa Tanga

Maswali ya mara hii yametoka Raskazone mpaka Lushoto, na karibu yote yanauliza jambo moja: mtu akijaliwa kununua shangingi, achukue la dizeli au la petroli? Nitajibu moja moja, ila msimamo wangu ujulikane mapema. Kwanza tazama gari litatembea wapi kila siku, pili mtazame fundi wako anajua nini na ana vifaa gani. Bei ya lita ije ya tatu.

Mwanangu, nimestaafu na ninaishi Raskazone. Watoto wanataka kuniagizia Prado kutoka Japani. Nasikia dizeli ndiyo injini ya kudumu. Safari zangu ni sokoni, msikitini na hospitali ya Bombo. Dar naenda mara chache kwa mwaka. Nichukue ipi?

Shikamoo mzee wangu. Waambie wakuletee ya petroli.

Sifa hiyo ya kudumu ni ya haki, lakini ilijengwa na dizeli za zamani ambazo hazikuwa na kompyuta nyingi wala chujio kwenye ekzosi. Toyota waliacha kuuza Prado ya dizeli huko Japani mwaka 2007, wakairudisha 2015 na injini ya lita 2.8. Hiyo ni mashine nyingine kabisa. Ina nozeli za kupulizia mafuta kwa presha kubwa, ina chujio linalokamata masizi, na ina tanki la maji ya yurea ya kusafishia moshi. Chujio likijaa masizi, gari huyachoma lenyewe kwa joto linalokaribia nyuzi 600, na joto hilo halipatikani mpaka injini ikimbie kwa muda bila kusimama. Ukitoka Raskazone kwenda Mgandini, unafika injini ikiwa haijashika moto sawasawa. Ukirudia hivyo mwezi mzima, chujio linaziba.

Prado ya petroli ya lita 2.7 haina tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, wala hilo chujio la masizi. Kwenye mlima itakuchelewesha, na mafuta inakunywa. Lakini kwa kilomita chache unazotembea, pesa utakayookoa kwenye dizeli haifiki hata nusu ya bei ya nozeli zake. Hapo mzee wangu sina shaka.

Kaka, dalali ananiuzia Land Cruiser V8 ya 2014, anasema ni dizeli na ilikuwa inatumika Japani. Mimi nipo Tanga, kila wiki naenda Dar na kurudi kwa biashara. Ninunue?

Dizeli inakufaa. Huyo dalali ndiye simwelewi. V8 ya mwaka huo ni toleo la Land Cruiser 200, na hilo halikuwahi kuuzwa na Toyota kwa dizeli kwenye soko la Japani. Za kule zilikuwa petroli, lita 4.7 mwanzoni, kisha 4.6. Za dizeli, lita 4.5 na tabo mbili, ziliuzwa Uingereza, Australia na kwingineko. Kwa hiyo kimojawapo si kweli: ama gari si dizeli, ama halikutumika Japani.

Usibishane naye. Omba kuona namba ya chesisi na kibao cha modeli. Modeli ya dizeli huanza na VDJ200. Ya petroli ya lita 4.6 huanza na URJ202. Kisha linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kama gari limetoka nchi nyingine, dai historia ya matengenezo ya huko, maana kilomita za kwenye dashibodi peke yake si ushahidi.

Sasa hesabu. Tuseme ya dizeli inakula lita 12 kwa kilomita 100 na ya petroli lita 16. Tanga mpaka Dar ni kilomita 350 hivi, kwa hiyo ni lita 42 dhidi ya 56. Kwenda na kurudi unaokoa lita 28, na hiyo ni kila wiki. Sababu ni mbili: lita ya dizeli ina nishati zaidi kuliko ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake hubana hewa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inapata kazi nyingi kutoka kwenye mafuta yaleyale. Mtu wa njia ndefu kama wewe anaionja faida hiyo mfukoni.

Ukilinunua, usiache kumwaga maji kwenye chujio la mafuta. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na tanki linalokaa nusu tupu usiku hutoa jasho kwa ndani. Fundi akilegeza kizibo cha chini ya chujio juu ya chupa safi, tazama kinachotangulia: mara nyingi ni maji yaliyochafuka kama chai ya rangi, yanakaa chini ya chupa na dizeli inaelea juu yake. Hayo yakipita mpaka kwenye pampu ya presha, inaota kutu kwa ndani, na pampu hiyo haina bei ya kawaida. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, ishughulikie siku hiyohiyo.

Shikamoo mjomba. Mume wangu ana Range Rover ya dizeli iliyotoka Uingereza. Taa ya chujio la ekzosi inawaka kila mara. Fundi anasema alikate chujio na kuidanganya kompyuta, matatizo yaishe. Tukubali?

Marahaba mwanangu. Msikubali.

Jaribuni kwanza dawa isiyo na gharama. Hakikisheni mafuta yapo ya kutosha, zaidi ya robo tanki, maana likiwa chini magari mengi hayakubali kuchoma masizi. Kisha mshike njia ya Muheza mpaka Segera, kilomita 70 hivi, mkienda mwendo wa wastani usiokatika, isipokuwa penye vibao vya 50 vijijini. Mkisikia feni ya injini inavuma kuliko kawaida na harufu ya joto inapanda, gari linachoma. Msilizime katikati ya kazi hiyo.

Taa ikirudi upesi, chujio si mgonjwa, ni dalili. Fundi aunganishe mashine na apime nozeli, tabo na vihisi vya presha. Aulizwe pia ameweka oili gani: magari haya yanataka oili yenye majivu machache, ile iliyoandikwa ACEA C kwenye kopo. Oili nyingine huacha majivu yasiyoungua kamwe. Na dizeli yetu ina masharti yake: Ulaya gari hilo lilizoea salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu 50.

Jambo moja wengi hawalijui: pimeni oili si kwa kupungua tu, bali na kuongezeka. Gari likishindwa kumaliza kuchoma masizi, dizeli ya ziada hushuka na kuchanganyika na oili. Kwenye CX-5 za dizeli, Mazda waliweka alama ya X juu ya ile ya kujaa kwenye kijiti cha oili. Oili ikifika kwenye X, inamwagwa mara moja. Gari lenu hata kama halina alama hiyo, oili iliyopanda na kunuka dizeli ni oili ya kumwaga.

Kuhusu kukata, nitasema bila kuzunguka. Moshi unaozuiwa na chujio hilo ni ule ambao taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la visababishi vya saratani. Mkilikata, wanaoupokea ni watoto wanaotembea kando ya barabara wakitoka shule Chumbageni. Kama safari za mume wako ni za mjini tu, heri gari hilo liuzwe kwa mtu wa safari ndefu, nanyi mchukue la petroli.

Nipo Lushoto. Kwenye mlima wa kutoka Mombo, Land Cruiser 300 ipi inapanda vizuri?

Zote zinapanda bila jasho. Ya petroli, V6 ya lita 3.5, ina nguvu farasi 415. Ya dizeli, lita 3.3, ina 309. Lakini nguvu ya kuvuta ya dizeli ni kubwa zaidi, nyutoni mita 700 dhidi ya 650, na inaanza injini ikiwa bado chini, mizunguko 1,600 kwa dakika. Kwenye kona zile za Soni, ambako unapunguza mwendo kisha unatoka tena ukiwa umebeba watu na mizigo, dizeli ina raha yake. Wewe ningekupa dizeli.

Wakati wa kushuka, ipi iwayo, rudisha gia ya chini mapema uache injini ishike gari. Breki zikipata moto kule juu hakuna pa kukimbilia.

Dada yangu wa Muheza ana Prado ya dizeli ya Japani, dashibodi inadai yurea. Duka la pembejeo lina urea tele. Tuikoroge na maji?

Msithubutu. Ya gari ni yurea iliyosafishwa sana, asilimia 32.5 ndani ya maji yaliyoondolewa madini. Mbolea ina vitu vingine vinavyoganda kwenye pampu na kuua kichocheo cha ekzosi. Lakini msipuuze onyo pia: tanki hilo likikauka, ukizima gari haliwaki tena. Mwenye gari hilo anunue akiba kabla ya safari.

Dizeli si ndiyo rahisi siku zote?

Hapana. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mafuta yanayoshukia bandari ya Tanga yana bei yake tofauti na ya Dar na Mtwara. Kuna miezi dizeli inaipita petroli. Usichague gari la kukaa nalo miaka 10 kwa kutazama bei ya mafuta ya mwezi mmoja.

Kaka, mhudumu wa sheli ameniwekea petroli kwenye gari la dizeli, kama lita 20. Nimeliegesha. Nikichanganya na dizeli nyingi itapita?

Umefanya vyema kuliegesha. Sasa usiliwashe, wala usiweke swichi hata kwa ajili ya redio, maana kwenye magari mengi swichi ikifunguliwa tu pampu ya tanki inaanza kusukuma. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha na nozeli. Petroli haina ulaini huo, chuma kinasagana na chuma, na vumbi lake husambaa kwenye mfumo mzima. Kujazia dizeli ilikuwa dawa ya magari ya zamani.

Livutwe hivyohivyo likiwa limezimwa. Tanki limwagwe lote, chujio libadilishwe, mipira ya mafuta isafishwe, kisha itiwe dizeli mpya kabla ya injini kuguswa. Omba risiti ya kituo na mwite msimamizi wake aje aone kabla mafuta hayajamwagwa.